Korniche: mkanda wa juu ya ukuta umetoka wapi, na je, ni wetu?

Kilibula, Uvira. Ndugu wasomaji, nanyi mnaosomewa kupitia simu huko mliko, Burundi, Nyarugusu, Kalemie au katika chumba cha jamaa aliyewapokea, salamu kutoka nyumbani. Leo sina habari ya bei ya unga wala ya barabara. Nina habari ya korniche.

Najua wapo watakaosema mwandishi wetu amekosa kazi. Watu hawana paa, yeye anaandika juu ya urembo wa plafo. Nisikilizeni kwanza.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto sita, nyumba yake ya kwanza ilichukuliwa na maji. Amejenga nyingine polepole, chumba kwa chumba, na mwaka huu sebule imepata plafo ya tripleksi. Fundi alipomaliza, palibaki ufa kuzunguka chumba chote, pale plafo inapokutana na ukuta. Mahali pengine unaingiza kidole kimoja, mahali pengine vitatu. Mume wake anataka korniche ya jipsamu yenye maua, kama ile aliyoiona Bujumbura. Mama anataka fedha hizo ziende kwenye ukuta wa mawe nyuma ya parseli, upande ambao mvua inateremka kutoka mlimani. Walibishana siku mbili, kisha wakaniita. Mzee wa nyumba akaniuliza: "Wewe mwandishi unasoma mambo ya kale, sema kweli. Korniche ni kitu cha watu kama sisi, ama ni kitu cha Wazungu na matajiri?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Korniche ni mkanda unaopita juu ya ukuta, pale unapogusana na plafo. Wenzetu wa Kigoma na Dar es Salaam, ile tunayoita plafo wao huiita dari au siling'i. Kazi ya kwanza ya mkanda huo si urembo, ni kuficha ufa. Ukuta wa matofali na mbao za plafo havitembei pamoja. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kujikaza wakati wa kiangazi, na ukuta wenyewe unabaki palepale. Ukiziba ufa kwa simenti leo, mwakani utauona tena. Mkanda ukipita juu yake, ufa unacheza chini kwa chini bila mgeni kuuona.

Hata asili yake ya mbali ni ya kazi. Wagiriki na Waroma wa kale waliichonga korniche kwa mawe, nje, juu kabisa ya mahekalu yao, ikiwa imetokeza mbele ili maji ya mvua yadondokee mbali na ukuta. Kwa hiyo babu wa ile korniche ya maua sebuleni alikuwa mlinzi wa mvua. Jambo hili nilimwambia mama yule mapema, akacheka, akasema, "Basi babu yake ndiye ninayemtaka mimi."

Sasa tuje kwetu. Nyumba ya msonge, ile ya fito na nyasi ambayo wazee wetu wa milimani waliijua, haikuwa na mahali pa kuweka korniche kwa sababu haikuwa na ufa huo. Fito ziliinama kutoka chini hadi kileleni na nyasi zikafuata, ukuta ukageuka kuwa paa bila kuaga. Hiyo haina maana kwamba watu hawakupamba ndani. Huko Gisaka, mashariki ya Rwanda, wanawake walichanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wakaifinyanga ukutani iwe mistari iliyotokeza, pembe na mawimbi, kisha wakaipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Huitwa imigongo, yaani migongo, kwa sababu ya ile mistari iliyoinuka. Najua kati yetu wapo wasiopenda kusikia mfano unaotoka upande huo wa mpaka. Lakini samadi haina jeshi, na mifano mizuri ya urembo wa kutokeza ukutani katika eneo letu la Maziwa Makuu ni michache.

Mfano mkubwa zaidi uko mbali, pwani. Lamu, Pate na Siyu, katika pwani ya kaskazini ya Kenya ya leo, zilikuwa na matajiri katika karne ya 18, na nyumba zao nyingine bado zimesimama. Kuta zilijengwa kwa matumbawe yaliyokatwa baharini na nchi kavu. Matumbawe hayohayo yalichomwa kwa kuni nyingi hadi yakawa chokaa. Juu zililazwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wa mita 3 hivi au pungufu. Ukiingia kutoka barabarani hukuta kitu, maana ukuta wa nje ulikuwa mtupu. Kadiri ulivyoendelea ndani, ndivyo urembo ulivyoongezeka, mpaka chumba cha ndani kabisa, mahali pa mama wa nyumba, ambako ukuta mzima ulijaa vidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu. Fundi alichonga maua na mistari kwenye lipu ya chokaa kabla haijakauka. Mikanda hiyo ilizunguka vidaka na milango, na katika nyumba nyingine ikapita juu ya ukuta, chini ya boriti. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Kwa hiyo nusu ya jibu la mzee ni hii: watu waliozungumza lugha hii tunayoizungumza walipamba sehemu ya juu ya kuta zao kwa lipu kabla Mbelgiji yeyote hajaiona Uvira.

Basi kwa nini urembo huo haukufika kwetu pamoja na lugha? Maana lugha ilifika. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa Ujiji tangu kabla ya katikati ya karne ya 19, na mitumbwi yao ilipanda hadi huku. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa 4 mwaka 1858, walikuta soko linalojulikana, watu wakinunua na kuuza pembe za ndovu, na watumwa pia, tusifiche. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwezi wa 11 mwaka 1871, wakakaa barazani kwenye nyumba ya tembe, kisha wakaja pamoja kwa mtumbwi hadi mdomo wa Rusizi, wakaona kwa macho yao kwamba mto unaingia ziwani, hautoki. Baadaye Rumaliza, ambaye jina lake ni Muhammad bin Khalfan, alitawala biashara ya sehemu hii ya ziwa hadi vita vya Wabelgiji na Waarabu vya 1892 hadi 1894.

Watu hao walileta kanzu, wali, sala na Kiswahili. Chokaa hawakuileta. Sababu ni mabega ya watu. Njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na kila kitu kilipita juu ya kichwa au bega la mpagazi, kilo 30 na zaidi kwa kila mmoja. Nani atalipa mpagazi kwa miezi mitatu abebe unga wa kupaka ukuta? Walileta vitambaa, shanga na bunduki, wakarudi na pembe. Nyumba walizijenga kwa udongo wa hapahapa, paa bapa au la nyasi. Aliyetaka kuonyesha heshima yake aliionyesha mlangoni, kwa mbao zilizochongwa, kama inavyoonekana hadi leo kwenye tembe la Livingstone karibu na Tabora. Mbao zinapatikana porini, na fundi anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Chokaa haitembei.

Mambo yalibadilika kwa reli. Wajerumani walifikisha reli ya kati Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata Wabelgiji wakafikisha yao Albertville, ambayo sasa ni Kalemie. Tangu hapo kitu kizito kiliweza kutoka baharini hadi ziwani, kikapandishwa melini na kushushwa katika bandari za ziwa, na baadaye hapa Kalundu. Mabati yakaja, simenti ikaja, misumari ikaja kwa madebe.

Na bati ndilo lililotuletea plafo. Nyasi haina joto wala kelele. Bati la Uvira saa nane mchana, kila anayesoma hapa analijua, na mvua ikipiga hamsikilizani. Mwenye uwezo akapiga plafo chini ya bati, ya mikeka au ya mbao, na baadaye ya tripleksi. Plafo ikaleta ufa. Ufa ukaita korniche. Hivyo ndivyo ilivyotufikia, kwa mlolongo wa shida kila moja ikizaa nyingine.

Hapa lazima niseme neno juu ya wakati wa Wabelgiji, kwa sababu swali la mzee, "watu kama sisi", lina mizizi hapo. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha karata ya sifa njema ya uraia kwa Mkongo aliyehesabiwa kuwa "evolwe", yaani aliyeendelea. Mwaka 1952 ikaongeza kile walichokiita imatrikilasio, daraja la juu zaidi. Ili kuipata, ulichunguzwa. Waliulizia elimu yako, ndoa yako, tabia yako, na walikuja mpaka nyumbani kuangalia mnavyoishi na mnavyokula. Waliofaulu daraja hilo la juu walikuwa wachache sana katika nchi nzima. Fikirini baba wa familia anayejua kwamba mgeni atakuja kutazama sebule yake na kumpa alama. Viti, vitambaa vya meza, picha ukutani, vyote vilikuwa mtihani. Mimi naamini hofu ile haijaisha. Mpaka leo mtu anaweka korniche upande wa sebule tu, vyumba vya kulala vinabaki na ufa wazi, maana mgeni hafiki huko. Watu wa Lamu walifanya kinyume: nje patupu, ndani kabisa ndipo pazuri. Tangu nilipojua hilo, naziangalia sebule zetu kwa jicho lingine.

Turudi kwenye jipsamu, ile ya maua ambayo mzee aliipenda. Hiyo si chokaa. Ni jiwe jingine lenye maji ndani yake, karibu moja ya tano ya uzito wake. Likichomwa kwa moto mdogo, kama nyuzi 150, linapoteza sehemu kubwa ya maji hayo na kuwa unga mweupe. Ukiurudishia maji, ndani ya nusu saa unakuwa jiwe tena. Paris ilikuwa na machimbo yake chini ya kilima cha Montmartre. Baada ya moto mkubwa wa London mwaka 1666, mfalme wa Ufaransa aliamuru mwaka uliofuata kwamba nyumba za mbao za Paris zipakwe plasta, kwa sababu moto ukiigusa, yale maji yaliyofungwa ndani yake hutoka kwanza na kuuchelewesha.

Zamani fundi alivuta korniche mahali pake juu ya ukuta, kwa kibao kilichokatwa umbo, akikipitisha tena na tena juu ya plasta laini. Ilikuwa kazi nzito na ya gharama. Mwaka 1856 Mfaransa mmoja, Desachy, alisajili Uingereza njia ya kumimina plasta katika kalibu pamoja na kitambaa au nyuzi ndani yake, ikawa nyembamba, nyepesi, ya kubebeka. Wafaransa huiita staff, na kwa mafundi wa huku ikawa stafu. Mwaka 1893 huko Chicago walijenga kwa stafu maonyesho ya dunia, majumba meupe kama marumaru, makubwa ajabu. Wageni walistaajabu. Yalikuwa yamejengwa ili yadumu miezi michache tu, na mengi yaliisha kwa moto na kubomolewa. Korniche inayouzwa leo Bujumbura au Dar es Salaam ni mjukuu wa kazi hiyo: ni ya kalibu, si ya mkono.

Nimefika mahali ambapo historia ni ya kwetu wenyewe.

Mwezi wa 10 mwaka 1996 vita viliingia Uvira, na wengi wetu tulivuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka huohuo. Tulijenga kwa tofali za udongo, tukaweka shitingi juu, na nyasi juu ya shitingi. Hatukuwa na plafo. Mama yangu alikoroga majivu na udongo mweupe, akapanda juu ya ndoo, akachora kwa kitambaa mkanda mmoja kuzunguka chumba, juu, chini kidogo ya fito. Upana wake ulikuwa kiganja. Mimi nilikuwa mtoto, nikamwuliza ni wa nini, kwa kuwa tuliambiwa tutarudi hivi karibuni. Alisema, "Ili nikilala nijue ukuta unaishia wapi." Mvua iliufuta mara nyingi, akauchora tena.

Tuliporudi, nyumba ya baba mdogo ilikuwa imesimama bila milango, bila madirisha, bila bati hata moja. Walichukua hata misumari ya sharpanti. Korniche ya simenti aliyoivuta fundi kabla ya vita ilikuwa palepale, juu ya ukuta, ikizunguka chumba kilichojaa majani. Haiporwi, kwa sababu ukiing'oa inavunjika. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Sasa, mzee wangu, na mama, hapa ndipo pa kuchagua, na ninasema kama mtu aliyezunguka na kuuliza mafundi, si kama fundi.

Jipsamu ni nzuri na inanyooka vizuri, lakini adui yake ni maji. Bati likivuja tone moja kwa wiki, baada ya masika moja utaona doa la njano, kisha inalainika na kushuka. Hapa ziwa liko karibu na hewa ina unyevu. Tena jipsamu ina uzito. Nchi yetu inatikisika: tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 2005 tetemeko la 6.8 lilibomoa nyumba Kalemie, na tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2008 likaja la 5.9 huko Bukavu. Kilicho juu ya kichwa cha mtoto aliyelala lazima kiwe chepesi au kishikwe kwa skurubu, si kwa gundi peke yake.

Ile nyepesi kama povu, ya polisitireni, inauzwa kwa bei ya chini na inabandikwa kwa gundi kwa siku moja. Mimi siipendi. Inashika moto kirahisi, inayeyuka ikidondoka, na moshi wake ni mbaya. Katika nyumba ambako umeme unakatika na mshumaa unawashwa kila usiku, hapana.

Simenti iliyovutwa kwa kibao, kama ile ya baba mdogo, inadumu, ila inataka fundi masoni mwenye mkono, na waliokuwa nao wamezeeka. Tena ikishikana na ukuta, haishikani na plafo, kwa hiyo ufa utabaki kidogo pembeni yake. Ubao uliopigwa randa ni jibu la kawaida la watu wetu: ni mwepesi, unapigiliwa misumari, ukiharibika unang'oa kipande kimoja tu, na ukihama unaweza kuuchukua. Adui yake ni mchwa, kwa hiyo dawa ipakwe kabla ya rangi, na upande wa nyuma pia, ule ambao hautaonekana.

Kuhusu ukubwa, mafundi wengi husema chumba cha urefu wa mita 2.5 hadi 3 kinatosheka na mkanda wa sentimita 5 hadi 10. Ukizidisha, plafo inaonekana imeshuka juu ya vichwa vya watu.

Lakini kabla ya yote hayo ni maji. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulishuka na mawe na miti. Makumi ya ndugu zetu walikufa na maelfu ya nyumba yakaharibika. Ziwa lenyewe likapanda miaka iliyofuata, na tena mwaka 2024, likala parseli za ufukweni. Mwaka ule ule wa 2020, tarehe 25 mwezi wa 12, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa fahari yote, ilianguka likiwa katikati ya matengenezo. Pale urembo haukukosekana.

Niliwaeleza wote wawili haya, tukiwa tumekaa chini ya ule ufa, chai mkononi. Nilimwambia mzee kwamba kitu hiki ni chake kama ni cha mtu yeyote, na kwamba hatakiwi kumfanyia mtihani mgeni. Nilimwambia mama kwamba anasema kweli kuhusu ukuta wa mawe, lakini mume wake naye hasemi upuuzi. Mtu aliyelala miaka chini ya shitingi ana haki ya kutazama juu na kuona kitu kilichomalizika. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza bei ya mbao sokoni.

Wiki iliyopita nilipita kwao. Ukuta wa mawe nyuma ya parseli umefika kiunoni, na vijana wa jirani wanasaidia kubeba mawe jioni. Sebuleni ufa umefunikwa kwa ubao mwembamba wa vidole vinne, umepigwa randa, umepakwa dawa, bado hauna rangi. Pembe moja haikukutana vizuri, fundi ataitengeneza. Mzee amesema rangi ataichagua yeye mwenyewe.

Mwandishi wenu, Kilibula.